Mlima Ulioibwa kwa Utani

Bi Tatu amefariki wiki iliyopita hapa Ng'ambo ya Tabora, na kama ilivyokuwa kawaida yake hakujali shughuli za mtu mwingine: amechagua siku ya kuamkia mtihani wangu wa hesabu. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa kwa uso wa mtu anayejua anadanganywa. Simlaumu, maana nimekwisha kuzika mashangazi wanne ambao hawakuwahi kuzaliwa. Safari hii lakini maiti alikuwepo kweli, amelazwa chumbani mwake, na wanaume waliojaa barazani walikuwa wakiulizana jambo moja tu. "Mtani wake kapelekewa habari?" akauliza mmoja. "Mtani gani tena? Si alitangulia kufa yeye?" akajibu mwenziwe. "Basi huyu anazikwa hivi hivi, kimya, kama ng'ombe aliyekufa njiani?" Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kahawa. Nikawamiminia, nikarudi uani, na tangu saa ile miaka miwili ya nyuma imeningang'ania haitaki kuondoka. Najua mtu wa miaka kumi na saba hana haki ya kuandika kumbukumbu za maisha. Lakini wazee huziandika wakiwa wamekwisha kusahau, na mimi napenda niandike kabla sijasahau.

Habari za ukoo wangu naziruka. Zipo, ila hazina mlima ndani yake. Tuanze nilipokuwa darasa la nane, nimefukuzwa bwenini lakini si shuleni. Kosa langu lilikuwa kuiga mwendo wa msimamizi wa bweni, naye kumbe yuko nyuma yangu; nilidhani vicheko vinavyozidi ni sifa zangu. Nikafungasha sanduku, nikavuka mji kwenda kwa Bi Tatu binti Mrisho, ambaye hatukuwa na undugu wa kuelezeka. Alikuwa bibi wa kila mtoto aliyekosa pa kulala. Akanipa chumba cha uani kilichonuka asali na mafuta ya taa, chenye kitanda cha kamba kilichobonyea katikati kama mtumbwi, na ukutani msumari mmoja. Kwenye msumari ilitundikwa kaniki ndefu, nyeusi, imesokotwa kama kamba, haifuliwi wala haivaliwi. "Hiyo usiiguse," akaniambia siku ya kwanza. "Kwa nini, bibi?" "Mume wangu huyo." Nikamsalimia kaniki shikamoo. Bi Tatu akasema msimamizi wa bweni alikuwa na haki.

Katika Ng'ambo nzima hapakuwa na mtoto asiyejua kwamba Bi Tatu ndiye mwanamke wa kwanza kusimama juu ya Kipara. Kipara ni jiwe moja lililotoka ardhini upande wa Lusu, kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda ziwani. Ni kubwa kama mlima, na juu yake halina hata unyasi, ndiyo sababu ya jina lake. Wakati wa Mjerumani alikuja mpima ardhi akitaka rundo la mawe lijengwe kileleni na bendera nyeupe ichomekwe, aione kwa darubini kutoka mbali. Wapagazi wake wakajaribu, wakateleza. Mmoja akavunjika mtulinga, mfupa wa bega. Mpima ardhi mwenyewe alipanda mpaka urefu wa nyumba moja, akashuka kwa makalio. Ndipo wasichana wawili waliokuwa wakichota maji ya msafara wakajipaka majivu nyayoni, wakapanda peku, wakifuata njia za pimbi. Mmoja alikuwa Tatu, binti wa pagazi wa Kizaramo aliyelowea Tabora. Wa pili alikuwa Nyamizi, Mnyamwezi wa hapo hapo Lusu. Bendera ikaonekana. Walipotelemka mpima ardhi akauliza kwa mkalimani, "Nani alitangulia?" Tatu akajibu, "Mimi," akapewa blanketi jekundu. "Nilifika juu," Bi Tatu alikuwa akimalizia hadithi kila mara, huku akimenya karanga, "nikamtupia Nyamizi kaniki, nikamvuta kama mbuzi wa mnadani."

Baada ya hapo hawakuacha. Kila mwaka mavuno yakiisha, mmoja alimfuata mwenzake na walitafuta jiwe jipya la kupanda. Mpaka nilipofika mimi hapakuwa na mlima baina ya Tabora na Nzega ambao hawajaukalia kichwani. Waume waliwalalamikia, wakazeeka, wakafa. Watu walisema ni wachawi, kwani mwanamke afuate nini juu ya mlima pasipo kuni wala maji? Nasikia Bi Nyamizi aliwajibu, "Tunafuata kuwaona ninyi mlivyo wadogo."

Bi Nyamizi mwenyewe nilimwona kiangazi cha mwaka ule. Alishuka kwenye lori la pamba na gunia la michembe ya viazi vitamu kichwani, akaingia ndani bila hodi. Alikuwa mrefu, mweusi tii, na nyayo zake zilikuwa pana kama za bata. "We Mzaramo!" akapaza sauti kutoka ukumbini. "Hujafa tu? Nimekuja na sanda, sasa nirudi nayo?" Bi Tatu hakuinua hata kichwa kwenye ungo wake wa mchele. "Karibu, pagazi. Mzigo weka uani, huku ndani hatupitishi punda." Wakakumbatiana wakicheka mpaka mchele ukamwagika. Nikaja nikapiga goti, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivi? Anakulisha ngoma, eh? Wazaramo hata chakula wanakipigia ngoma wakidhani kitajipika."

Mnyamwezi na Mzaramo wana utani tangu enzi za misafara, kila mtu anajua, ila mimi nilikuwa sijauona ukifanya kazi ndani ya nyumba. Kabla hajanywa maji Bi Nyamizi alifungua sanduku la mwenyeji wake, akachomoa doti ya kanga mpya ambayo haijakatwa, akajifunga. Kisha akatoka uani, akamkamata jogoo miguu na kumfungia kwenye gunia lake. Bi Tatu alikuwa anatazama tu. Nikamnong'oneza, "Bibi, anakuibia." "Haibi, anachukua." "Tofauti iko wapi?" "Mwizi unamdai. Kitu alichochukua mtani hakidaiwi, hakirudishwi, wala hakinuniwi." Nikaiona sheria hiyo ni nzuri sana, nikajaribu kuitumia shuleni kwa penseli za watu. Haikufanya kazi.

Mchana ule tulikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa karanga za kutwanga, na mboga kavu ya nsansa iliyoungwa hata ikawa laini kama siagi. Wao walikula kwenye sinia moja, wakinyang'anyana vipande kama watoto. Mimi nilikaa pembeni nikijidai kusoma. "Nakuambia, Tatu," Bi Nyamizi akasema, "siku ya mazishi yangu utasema mwenyewe kwa kinywa chako." "Nikisema, nani ataniamini? Mtani msibani husema uongo." "Ndiyo raha yake hiyo!" Wakacheka mpaka Bi Nyamizi akapaliwa na kiazi, ikabidi nimpige mgongoni. Sikuelewa wanacheka nini. Wazee wawili wakicheka jambo usilolijua unajisikia kama mtu aliyefika arusini baada ya pilau kwisha.

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijachoma mawe, walinichukua kwenye kilima kimoja nje ya mji. Nilikwenda kwa sababu siku ile kulikuwa na usafi shuleni. Bi Nyamizi alibeba majivu kwenye kibuyu, na kaniki ikatunguliwa msumarini. Goti la Bi Tatu lilikuwa limekwisha kuharibika, kwa hiyo tulipofika nusu alikaa kivulini, akatoa karanga, akaanza kazi yake ya kututukana. "Mpeleke polepole, pagazi! Huyo ni mwanafunzi, si gunia la chumvi!" Bi Nyamizi akanipaka majivu nyayoni na viganjani, akanionyesha pale pimbi wanapopita na pale walipokojoa jiwe likawa jeupe, ambapo usikanyage hata kama unakufa. Kisha akanifundisha kaniki. Anayevuta hujizungushia kiunoni, hukaa kitako na visigino vimekita. Anayevutwa hujifunga chini ya kwapa, fundo kifuani, ili uso wake uutazame mwamba. "Wa juu na wa chini hawafungi namna moja," akasema. "Na ukishazoea upande wako, mikono haikubali tena kubadilika." Akapanda juu kama mjusi, mwanamke wa umri ule, kisha akanivuta. Katikati mdomo wangu, ambao kwa kawaida hauchoki, haukuwa na neno hata moja. Bi Nyamizi alisema ameupenda mlima ule kwa sababu hiyo.

Juu palikuwa na upepo, na Tabora yote ilikuwa chini yetu: mabati ya stesheni yanang'aa, miembe, na ile barabara nyeupe inayokwenda Nzega juu ya nyayo za misafara. Ndipo aliponiambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya chumvi. "Kipara nilitangulia mimi. Yeye alikwama pale kwenye ukosi wa jiwe, akalia, akamwita mama yake. Nikavua kaniki yangu, nikamvuta." Nikauliza kwa nini basi blanketi alipewa mwingine. "Mkalimani wa Mzungu aliuliza kwa Kiswahili. Mimi siku zile nilikuwa na Kinyamwezi tu. Mpaka namaliza kuuliza watu wanasema nini, mwenzangu amekwisha kujibu." Akacheka. "Mtani wangu yule. Akija kwangu huchukua kanga, huchukua jogoo, akachukua na mlima. Nitamdai vipi?" Nikamwambia mimi ningemdai. Alikuwa akikwangua majivu kwenye kidole. "Tatizo si mimi," akasema. "Wanangu nimewafundisha kupanda, nimewafundisha mafundo yote. Kabula wangu anavuta hata mwanamume mzima. Lakini naye anajua kwamba mama yake ndiye mbuzi. Wakigombana na wenzao huko Lusu huambiwa: nendeni huko, watoto wa mbuzi wa Kipara." Hapo hakucheka. Chini tukasikia sauti ya Bi Tatu: "Mmelala huko juu au mmeolewa?" Bi Nyamizi akaokota kokoto, akamtupia.

Tuliposhuka nilimtazama Bi Tatu kwa macho mapya, naye akajua. Mtu aliyeficha jambo muda mrefu hujua mara moja anapotazamwa na mwenye nalo. Njia nzima hakunitukana. Bi Nyamizi aliporudi kwao na kanga, jogoo na michembe nusu aliyoiacha kisha akabadili mawazo akaichukua, Bi Tatu alikaa kibarazani akaitazama barabara. "Kitu cha utani hakirudishwi, siyo?" akaniuliza, kama kwamba mimi ndiye mzee. Nikasema ndivyo nilivyofundishwa. "Eh," akasema, akaenda kuswali.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha, utingo mmoja wa lori alisimama mlangoni asubuhi, kofia mkononi, na utingo havui kofia ovyo. Bi Nyamizi amefariki; amelala tu hakuamka; watu wa Lusu wamesema hawamziki mpaka mtani afike. Bi Tatu alikuwa anachambua mchele. Akaendelea mpaka ungo ukaisha, akauweka, akasema, "Tungua ile kaniki." Tukapanda lori lile lile. Tope lilitushusha mara kwa mara kusukuma, yaani mimi nilisukuma, na yeye kutoka juu alimfundisha dereva kazi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakumtaja Bi Nyamizi kwa tusi lolote. Nikaanza kuogopa. Mtani anayelia msibani ni aibu kwa pande zote mbili.

Tulifika Lusu alasiri. Watu walikuwa wamejaa shambani nyuma ya nyumba, kaburi limechimbwa, katekista ameshika kitabu chake anasubiri. Walipomwona Bi Tatu anachechemea wakapumua kwa pamoja, kama watu waliofunguliwa mlango. "Mtani kafika! Mzaramo kafika!" Akasimama ukingoni mwa kaburi, akachungulia. "Mmechimba fupi," akasema. "Pagazi huyu miguu yake haitatosha. Niteremsheni nilipime." Watu wakacheka, maana ndivyo inavyotakiwa: mtani huingia kaburini, hugoma kutoka, huwasumbua wafiwa mpaka machozi yachanganyike na kicheko. Akachukua kaniki yake, akajifunga mara moja, bila kutazama. Kabula, bintiye marehemu, mama mwenye mabega kama ya mama yake, akamteremsha pamoja na vijana wawili. Bi Tatu akazama. Ikabaki sauti tu, inatoka ardhini.

"Nisikilizeni! Kipara alitangulia Nyamizi!"

Pakalipuka kicheko. Katekista akajificha uso kwa kitabu.

"Nasema kweli! Alifika yeye! Mimi nililia, akanivuta!"

"Huyu Mzaramo atatuua!" mzee mmoja akasema, ameshika mbavu. "Leo kageuza mpaka mlima!"

"Wallahi tena!"

"Anaapa! Jamani, anaapa!" Wanawake wakawa wanaegemeana. Kadiri alivyosisitiza ndivyo walivyozidi, na kadiri walivyozidi ndivyo sauti kule chini ilivyopungua utani. Mimi, ambaye nimefukuzwa mahali pengi kwa kuchekesha, nilisimama pale nikiona kichekesho bora kuliko vyote nilivyowahi kuona, na sikuweza kucheka. Alikuwa anarudisha mlima, na hapakuwa na mtu wa kuupokea. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Basi nivuteni. Nivuteni kama alivyonivuta."

Kabula akajizungushia ncha ya pili ya kaniki kiunoni, akakaa kitako, akakita visigino kwenye udongo uliochimbwa. Alikuwa bado anacheka. Kichwa cha Bi Tatu kikatokeza, kisha mabega, uso wake umeelekea ukuta wa kaburi, na fundo liko kifuani. Kabula akalitazama fundo lile, fundo la anayevutwa. Mkono wa Bi Tatu ulikuwa umelifunga wenyewe, haraka, jinsi ulivyolifunga maisha yake yote juu ya mawe yote ya Unyamwezi. Kicheko cha Kabula kikaisha, si ghafla, kikaisha kama maji ya mtungi. Akamvuta mpaka juu, akamfungua yeye mwenyewe, akamfuta udongo magotini. Wengine walikuwa wangali wanacheka wakati Bi Nyamizi anateremshwa.

Katika lori la kurudi Bi Tatu alikaa juu ya magunia na kaniki mapajani. "Nimeurudisha haukupokewa," akasema. "Labda umepokewa," nikasema. "Na nani?" Nilichokiona usoni kwa Kabula sikuwa na hakika nacho, na mimi jambo likiwa la kweli ulimi hunikwama. "Na maiti," nikasema. Akanipiga na kandambili, akacheka, kisha akalia mpaka Tabora. Toka hapo, kila mgeni alipokuja kumsifu kwa ajili ya Kipara, alisema, "Si mimi, ni Nyamizi." Nao wakatikisa vichwa kwa mapenzi: "Tazama huyu! Mtani wake kafa, yeye bado anamtania." Mwaka mzima alisema kweli, na mwaka mzima aliwafurahisha watu.

Basi siku hiyo ya msiba jeneza lilipoinuliwa, wanaume wamekwisha kuanza kusoma, mwanamke mmoja mwenye vumbi la safari aliingia bila hodi, akapita katikati ya watu, akajilaza chali kizingitini. Wachukuzi wakasimama. Alikuwa Kabula. "Hapiti huyu mpaka niseme," akasema kutoka sakafuni. "Sema, mtani," wakamwambia, nafuu imewajaa usoni. Akapaza sauti mpaka ikafika kwa jirani. "Watu wa Ng'ambo! Aliyefika Kipara kwanza ni huyu bibi yenu! Mama yangu alivutwa! Alivutwa kwa kaniki kama mbuzi wa mnadani! Wallahi tena!"

Hakuna aliyecheka. Wazee wa barazani wakaitikia kwa heshima: "Kweli kabisa," "Tunajua," "Mungu amrehemu, alikuwa wa kwanza." Kabula akainua kichwa pale chini, akawa anatafuta katika nyuso zile uso mmoja tu unaojua kwamba huo ni utani, akaufikia wa kwangu nyuma ya birika. Nikapasuka. Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika miguuni mwangu, na shangazi mmoja, wa kweli huyu, akanifinya mkono hata leo una alama. Kabula akajilaza tena, ametosheka, kisha akaondoka kizingitini na jeneza likapita. Wanaume walipokwisha kwenda makaburini aliingia chumba cha uani, akaitungua kaniki msumarini bila kumwomba mtu, akajizungushia kiunoni, akatoka kwenda kutafuta lori la Nzega. Hakuna aliyemdai.